Kuku wa Kufungua Barza

Marehemu rafiki yangu alikuwa na mdomo. Kasongo nzima inalijua hilo, na kwenye matanga yake watu walilisema wazi huku wanakula, wakacheka hadi machozi, hata shehe akajifanya anakohoa. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaingia jikoni nikalia peke yangu.

Alikuwa mwanamke fundi wa kushona nguo. Mashini yake aliiweka mbele ya duka la mjomba wake, karibu na soko. Mwanamke akija kupimwa gauni, yeye anamzungushia utepe kiunoni na kumuuliza, "Umekonda, mama. Nani anakukondesha?" Basi! Mtu anamwaga yote: mume anayepiga, baba anayetaka kumtoa binti shuleni, mashemeji waliofunga nyumba. Kabla kitambaa hakijakatwa, rafiki yangu ameshavaa viatu, anakwenda kugombana na watu ambao hata hawajui. Hakuwa na ofisi wala karatasi yoyote. Wanaume wa sokoni walimwita avoka, yaani wakili, kwa kumcheka. Alilipenda lile jina, akaanza kuitika.

Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini tangu mababu, mimi Mkristo wa shamba. Nyumba zetu zilipakana. Mwezi wa Ramadhani alinikataza kupika sombe, kisamvu chetu, upande wa dirisha lake, eti ninamtafutia dhambi makusudi. Na kweli, mara nyingine ilikuwa makusudi.

Mume wangu alipofariki, aliniachia watoto wanne na shamba la Wamaza, kule Kabambare, nililokuwa naliendea kila msimu. Shamba la mpunga na michikichi. Ile michikichi nilichimba mashimo yake mimi mwenyewe, mtoto mgongoni. Mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yanasomesha watoto. Shemeji yangu hakungoja hata matanga yaishe. Akamwingiza mke wake shambani, akaniambia, "Shamba ni la ndugu yangu, na ndugu yangu amekufa. Weye ulikuja na nguo zako, utarudi na nguo zako."

Mimi ni mwoga, sifichi. Nilitaka kunyamaza, nilime vibarua, maisha yaende. Rafiki yangu alisimamisha mashini katikati ya mshono.

"Unyamaze? Watoto watakula unyamavu wako? Kesho tunaenda kwa shefu."

"Kwa shefu na nani? Mwanamke hafungui barza."

Maana kule desturi ni hiyo. Ukitaka shefu, mtawala wa kijiji, asikilize neno lako, unampa kuku. Shefu akishamshika kuku mkononi, barza, baraza lake, imefunguka, hawezi tena kukufukuza mpaka akusikilize. Ila kuku lazima atolewe na mwanaume wa ukoo wako. Mwanaume wa ukoo niliyebaki naye ni yule yule shemeji. Ndugu zangu wa tumbo moja wako mbali, na kaka mmoja aliyekuwa karibu alisema mgongo unamuuma.

"Mwanaume tutamwokota njiani," akasema rafiki yangu.

Akachukua kuku wake mwenyewe, jogoo mwekundu mwenye hasira kama yeye. Tukapanda pikipiki moja: motari mwenye pikipiki mbele, mimi katikati, yeye nyuma na jogoo kwapani. Siku nzima njia ya tope. Kila tukiruka shimo jogoo ananidonoa shingo, na mwenye jogoo anacheka, "Muvumilie, ni shahidi wetu!" Njiani alimfundisha motari kusema kwamba yeye ni kaka yangu. Motari akakubali, tena akajizoeza kwa sauti nzito.

Tulifika. Barza imejaa, wanaume kwenye mabenchi, shefu kwenye kiti chake, shemeji yangu kashaketi mbele. Motari akapewa jogoo, akasogea. Mzee mmoja akamuuliza swali moja tu, "Weye ni wa ukoo gani?" Ee Mungu wangu. Yule kijana alitutazama, akamtazama shefu, akamrudishia rafiki yangu jogoo wake, akasema anakwenda kutafuta mafuta ya pikipiki. Hatukumwona tena mpaka jioni.

Watu wakaanza kucheka. Shefu akapunga mkono, "Wamama, murudi nyumbani. Mukipata mwanaume, mutakuja." Machozi yalinijaa. Niliona shamba langu limekwenda hivyo, kwa sababu ya mikono tu, eti mikono yetu si ya kutoa kuku.

Rafiki yangu akainama kama mtu anayeaga kwa heshima. Alipoinuka, jogoo yuko hewani.

Sasa, mtu aliyekulia kijijini, jogoo akimrukia kifuani hafikirii. Mikono inakwenda yenyewe. Shefu alimdaka kwa mabawa yote mawili, safi kabisa, kofia ikaanguka. Shefu akaangalia mikono yake, na jogoo yumo ndani.

"Asante, shefu," akasema rafiki yangu, akakaa. "Barza imefunguka."

Wazee walibishana karibu saa nzima. Mwisho yule aliyeuliza ukoo akasema desturi inahesabu mkono unaopokea, basi shefu kapokea. Rafiki yangu akanisukuma niseme. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akasema yeye, mashimo yote ya michikichi, moja moja. Jioni shefu akasema shamba ni la watoto wangu na mimi ndiye wa kulilima, na shemeji mwenyewe atapanda miti ya mpaka. Hadi anakufa rafiki yangu aliapa kwamba jogoo aliruka mwenyewe. Njiani tukirudi akanitania, "Siku nikifa, weye bubu, nani atakusemea?"

Homa ilimchukua kiangazi kilichopita, siku nne tu. Wiki chache baada ya matanga, mjane mmoja kijana akabisha kwangu asubuhi, kuku kwapani. Anatoka Wamaza. "Mama, namutafuta avoka wa mashini. Mashemeji wananitoa shambani."

Nikamwambia avoka amekufa. Akaketi mlangoni, akaanza kulia, kuku bado kwapani. Mimi, hata kanisani nikipewa somo nisome, sauti inakauka. Nikamsogelea yule binti.

"Usilie," nikasema. "Ngoja nivae viatu."

Shefu ni yule yule, ndevu zimekuwa nyeupe. Alipotuona tunaingia, wanawake wawili na kuku mmoja, aliificha haraka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo. Barza ikaangua kicheko. Nikamchukua kuku kutoka kwa binti, nikaenda mpaka kwenye kiti, nikamweka polepole mapajani mwa shefu. Kuku akajikunja, akatulia kama yuko kwenye kiota chake. Alipotaka kuteleza, shefu akatoa mikono akamshika.

Akahema. "Haya, mama. Sema."

Niligeuka kushoto nimwone rafiki yangu akiziba mdomo kwa pindo la kikwembe chake asicheke. Hakuna mtu. Nikakohoa, nikaanza kusema.