Mkono wa Kushoto wa Skauti wa Malaba

Mnisamehe kwanza mwandiko huu na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane, na kalamu yangu haina haraka.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa Malaba, Jumamosi mchana tulikimbilia uwanja wa kanisa na skafu za manjano shingoni. Kanisa lilianzisha kundi letu la skauti kabla baba yangu hajazaliwa. Naye alilipitia, na skafu yangu ilikuwa yake, imefifia, inanukia sabuni ya kipande. Tulifunga mafundo ya kamba, tukafuata alama za mawe vichakani. Jumapili tulisimama kati ya trela zilizopanga foleni ya mpakani, tukiwavusha akina mama waende ibadani. "Asante, askari wangu," waliniambia, nami nikaangalia viatu vyangu kwa haya.

Kiongozi wetu, mzee Ekisa, alikuwa seremala. Alitufundisha kwamba skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Tukafurahi mno, tukaubeba mkono huo hadi nyumbani. Jioni hiyo wazee wa mtaa mzima walinyooshewa mkono wa kushoto. Mimi nilimnyooshea Kukhu, nyanya aliyenilea.

"Mkono wa chooni? Mimi?" alifoka. "Hiyo kambi yenu ya Adungosi uisahau!"

Nilikuwa nimeingojea kambi hiyo muhula mzima. Sikujua kubishana na mtu; nililia tu ndani ya skafu.

Kesho yake mzee Ekisa alikuja. Aliinama mlangoni, akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Mama, kosa ni langu. Sikuwaambia kwamba ule ni wa sisi kwa sisi."

"Na wewe ulimpa nani?"

"Baba mkwe. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari."

"Wee! Ng'ombe wakarudi?"

"Walishageuzwa vichwa kurudi kwetu, mama."

Kukhu alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Haya, enda," akaniambia. "Lakini kapige magoti kwa kila mzee utakayemkuta huko."

Nikaenda. Tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa dagaa wa omena, moshi ukituchoma macho. Penye moto kila mtu alidaiwa wimbo, na mimi, ambaye darasani sikuwahi kunyoosha kidole, niliimba mpaka mwisho. Nikapigiwa makofi. Bado nayasikia.

Kukhu ametutoka sasa. Namshukuru kwa kicheko kile, na mzee Ekisa kwa kuja kwetu kwa miguu. Watoto wa siku hizi hutazama kambi kwenye simu. Wakiumwa na mbu mmoja wanataka kurudi kwao. Siwalaumu. Hawajaonja.

Nyinyi tuliolala pamoja Adungosi, niandikieni mlikofikia. Nasikia wengine mko Nairobi, wengine ng'ambo ya mpaka, kule Tororo. Kundi bado hukutana Jumamosi, nami ndiye ninayewafundisha wadogo nyimbo. Leteni watoto wenu.