Nilivyougeuza Mji wa Kashgar

Siku yangu ya kwanza kazini Stockholm nilichora mto, ukafutwa. Mkuu wa chumba cha kuchorea, Göran, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe kama daktari, aliutazama kwa kioo cha kukuzia, akaniuliza nimejuaje kwamba unapinda pale. Nikamjibu kwamba mito hupinda. Akachukua brashi, akaupaka rangi mto wangu wote mpaka ukatoweka.

"Usipojua, acha peupe," alisema. "Karatasi nyeupe haijampoteza mtu."

Nilishtuka, tena nilikasirika. Nilikuwa nimetoka ofisi ya ramani Dar es Salaam na cheti changu mkononi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba mtu huyu aliyenifutia mto mbele ya watu aliitwa Göran tu, bila bwana wala mzee. Ilinichukua wiki kadhaa kulitamka jina hilo bila kuona haya.

Ninyi mnaochora kwa kompyuta mtacheka, lakini mwanzoni mwa miaka ya themanini ramani ilikuwa inakwanguliwa. Tulikuwa na filamu angavu iliyopakwa rangi ya chungwa. Tukiilaza juu ya meza ya taa, yaani meza ya kioo inayowaka kwa chini, tulikwangua rangi kwa sindano, na kila mkwaruzo ukawa barabara au mto. Mstari ukikosewa, unaupaka rangi na kuanza upya. Majina yalikuwa shughuli nyingine. Yalichapwa kwenye utando mwembamba wenye nta nyuma, tukayakata kwa wembe na kuyabandika moja moja. Yakikosewa unayabandua kwa ukucha, na ukucha utauma wiki nzima.

Nilikuwa mwanagenzi wa miezi sita. Nikifaulu jaribio la mwisho ningeajiriwa moja kwa moja, na nikiajiriwa ningeweza kumleta mke wangu, Zubeda, kutoka Tanga. Kufikia jaribio hilo ndoa yetu ilikuwa na miezi minane, na sita kati ya hiyo ilikuwa ya barua.

Jaribio lenyewe lilikuwa ramani ya mji wa Kashgar, kwa ajili ya kitabu cha jiografia. Kashgar uko magharibi kabisa mwa China, penye maji na bustani, ukingoni mwa jangwa la Taklamakan. Misafara ya hariri iliyotoka mashariki ilikwepa jangwa hilo kwa njia mbili, moja kaskazini chini ya milima ya Tian Shan, nyingine kusini kupitia Yarkand. Njia hizo zilikutana tena Kashgar. Hapo wasafiri walipumzika, wakabadilisha wanyama, kisha wakapanda milima ya Pamir kwenda Fergana au kushuka India. Ni mji wa Waislamu, wa nyumba za udongo na vichochoro, na soko lake lilijaa watu wa kila lugha.

Wamisionari wa Kiswidi waliwahi kuishi huko miaka mingi. Mmoja wao aliuchora mji kwa kalamu ya risasi, na mchoro huo ndio tuliokuwa nao. Mistari yake ilikuwa safi, ila kona moja ilichanika, na mshale wa kaskazini ulikwenda nayo. Barabara hazikuandikwa zinakwenda wapi. Göran alisema tuuache mji bila mshale.

Lakini mimi niliona kitu. Katikati palikuwa na msikiti mkuu, na kwenye ukuta wake mmoja mchoraji alikuwa ameonyesha kishubaka cha mihrabu, pale imamu anaposimama kuelekea Makka. Nikacheka moyoni. Wazungu wote hawa na vioo vyao, jibu liko mbele yao!

"Kaskazini naijua," nilisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mimi ni Mwislamu, Göran. Msikiti unajionyesha wenyewe."

Akaniruhusu niuweke mshale. Mimi mzaliwa wa Tanga, tangu utoto nimesali uso kaskazini, na baba yangu na babu yangu vilevile. Nikauweka ukuta wa mihrabu upande wa juu wa ramani, ndiyo kaskazini yangu. Kulia, penye mto, nikabandika jina la barabara ya jangwani, kushoto njia za Pamir, juu Tian Shan. Kazi ya wiki tatu, na nilijivunia kila herufi.

Kabla ya kuchapa, Göran alimwalika Bi Märta kutoka Upplands Väsby aje kuikagua nakala ya majaribio. Alikuwa mwalimu mstaafu, aliyezaliwa Kashgar na kuishi huko hadi usichana. Aliinamia karatasi, akafuata barabara zangu kwa kidole.

"Kwenye ramani yako jua linachomoza mtoni," alisema. "Kwetu lilichomoza kwenye barabara ya jangwani. Ukilitazama jua, mto ulikuwa mkono wa kushoto."

Akaishika karatasi kwa vidole viwili, akaigeuza robo ya mzunguko. Kilichokuwa juu kikaenda kushoto, na majina yangu yote yakalala ubavu.

"Sasa niko nyumbani," alisema.

Nikamweleza habari ya mihrabu. Akatikisa kichwa. Mpishi wao, alisema, alikuwa akisali ameelekea milima yenye theluji, upande wa machweo, hata yeye mwenyewe, Bi Märta, akiwa mtoto alidhani Mungu anakaa kule kwenye theluji. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na wewe hapa Stockholm, unasali umeelekea wapi?"

"Kusini-mashariki," nikajibu.

Neno lilikuwa bado mdomoni nilipopigwa na butwaa. Kila siku, katika chumba nilichopanga Bredäng, nilisali nimeelekea kabati la nguo, kwa sababu mwenye nyumba, Haji Sulaiman wa Uganda, alinionyesha siku ya kwanza. Kisha nilivaa viatu, nikapanda treni, nikaenda kuchora dunia ambamo Makka iko kaskazini kwa kila mtu. Nilikuwa najua! Nilijua kwa magoti na paji la uso, na kichwa kikabaki Tanga. Nilitamani meza ile ya taa inimeze.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Haji. Hakunihurumia.

"Makka haiendangi kokote," alisema. "Ni wewe ulihama."

Kesho yake Göran aliniita. Nilitegemea atanisema kuhusu gharama ya sahani za kuchapia, lakini hakuzitaja.

"Ningekuajiri pamoja na kosa," alisema. "Siwezi kukuajiri pamoja na ile 'nina hakika'. Utakaa mwaka mmoja zaidi uanagenzini."

Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema. Niliyabandua majina ya Kashgar kwa ukucha, jina baada ya jina, na jioni nikamwandikia Zubeda ukweli wote. Alijibu kwa mstari mmoja akiniuliza kama Uswidi nzima ilikosa mtu wa kuulizwa. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini mwenye cheti husahau.

Baada ya mwaka niliajiriwa, na Zubeda akafika wakati wa theluji. Mwanetu Rashidi alizaliwa, akakua akitujibu Kiswidi. Göran alipostaafu nilipewa koti lake na chumba chake. Kila mwanagenzi aliyeniambia ana hakika nilimuuliza amejuaje, na wengi walinichukia kwa hilo. Sindano zikatupwa, kompyuta zikaja, nami nikastaafu nikijiona mtu aliyekwisha kupona.

Mwaka uliopita tulirudi Tanga kuishi. Asubuhi ya kwanza, katika nyumba ya baba yangu nilimozaliwa, nilitandaza mswala, nikasimama, nikainua mikono. Nyuma yangu Zubeda akakohoa.

"Baba Rashidi," alisema, "huko ni bafuni."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeelekea kusini-mashariki, kama vile bado niko Stockholm. Nikamkumbuka Bi Märta, mikono bado iko masikioni.

"Nilikungoja mwaka mzima kwa kosa hilihili," alisema, akanishika mabega na kunigeuza.