Majani ya Kunde

Kutoka Kigoma nilipanda treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege tatu. Nilipotua Sydney miguu ilikuwa imevimba, viatu nikavibeba mkononi. Nilikuwa nimeshaishi Lubumbashi na Durban. Nilidhani ugeni naujua.

Kazi niliipata Smithfield, pembezoni mwa jiji, katika banda la vioo lililooteshwa kunde zilizobadilishwa vinasaba ili wadudu wasizitoboe. Leseni ya serikali ilikataza kitu chochote kutoka humo. Hata jani lililoanguka lilitiwa katika mfuko wa taka, likapikwa kwa mvuke, likateketezwa.

Mwenzangu alikuwa dada mmoja Mrundi, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, si mbali na kwetu. Binti yake alibaki huko. Ombi la kumleta lilihitaji barua ya mwajiri, na dada alikuwa akiingoja.

Kwetu kunde huchumwa ncha ili itoe matawi. Kuiacha irefuke tu ni uvivu. Siku moja nikamwambia, "Dada, miaka miwili sijaonja mboga ya kunde, na hii yote inakwenda kuchomwa."

"Wewe una njaa au una wazimu?" Akacheka. "Haya. Kesho nitakuletea, na karanga juu."

Akachuma kama anachuma shambani kwake, akajaza kopo lake la chakula.

Msimamizi aliziona ncha zilizokatwa. Wakati wa kutoka alipekua mabegi yetu, akafungua lile kopo.

"Ni mboga," dada akamwambia.

Msimamizi akanigeukia mimi: nilijua lolote? Nikatikisa kichwa. Dada alinitazama.

Alifukuzwa palepale. Wakaguzi wa serikali wakaja, wakapekua hadi mitaro.

Siku ya tatu nilimwendea msimamizi nikakiri kwamba mimi ndiye niliyeomba. Alinisikiliza kwa upole. Ripoti imeshapelekwa, alisema, na sheria inauliza kama jani lilichukuliwa, na nani alilibeba. Aliyeliomba hana mahali pa kuandikwa. Na barua ya dada? Hiyo asahau.

Nikaacha kazi. Asubuhi ya safari ya kurudi nyumbani nilikwenda kwake Penrith. Alikuwa anaanika nguo uani.

"Umekuja kuaga, au umekuja kuomba mboga?"

Alimaliza shuka moja, akachukua nyingine.

"Mimi kwenye simu nimeshindwa," akasema. "Ukifika Kigoma, mdogo wangu, pita kambini. Mwambie binti yangu wewe mwenyewe, asingoje."

Nikasema nitapita. Nikabeba begi langu, nikaenda kituoni.