Muziki Uliodhaniwa wa Msiba

Mwezi uliopita nilirudi mtaani kwetu Makanyagio kwa misa ya kumwombea marehemu bibi. Baada ya chakula nikapita kwenye chumba tulichopanga zamani mimi na bibi. Siku hizi ni saluni, na spika iliyo mlangoni inapiga Bongo Fleva hadi bati linatetema. Nikasimama barabarani, bodaboda zikinipigia honi, nikakumbuka tulichokuwa tukisikiliza pale.

Nilikipata kwa sista aliyetufundisha kinanda parokiani. Alipohamishwa aliniachia memori kadi iliyojaa muziki wa zamani wa Ulaya, fidla na vinanda vitupu.

"Usitafute maneno," aliniambia. "Wewe sikiliza tu."

Akapanda basi, nami nikabaki na maswali yangu.

Usidhani niliupenda, rafiki yangu. Nyimbo zilikuwa na namba tu, hazina majina. Wimbo unanyamaza, nadhani umekwisha, mara unalipuka na kuku wanatawanyika uani. Siku ya kwanza nilipouweka kwa sauti, mama jirani alikuja mbio, kajitanda khanga.

"Jamani, nani kafa nyie?"

Kwetu muziki wa namna ile ulisikika redioni akifariki kiongozi. Shuleni wakaanza kuniita Msiba. Wenzangu walirushiana nyimbo kwenye simu. Mimi sikuwa na wa kumrushia.

Nyumbani alikuwepo bibi tu, Mpimbwe kwa kabila, wa maneno machache, akipukuchua mahindi.

"Hawa wataanza kuimba saa ngapi?"

"Hawaimbi, bibi."

"Sasa wamekusanyika kufanya nini?"

Niliendelea kusikiliza, nadhani kwa kumkumbuka sista kuliko kwa kuupenda muziki wenyewe.

Alasiri moja mvua ilikuwa imepungua, matone ya mwisho yakidondoka kutoka kwenye bati. Fidla moja ikawa inapanda peke yake, taratibu. Bibi akabaki na gunzi mkononi.

"Huyu anaita mtu," akasema.

"Anamwita nani?"

"Sijui. Wenzake wanamsikia, wanajifanya hawasikii. Hebu nyamaza."

Nikatega sikio. Ndipo nikazisikia zile sauti nyingine kule chini, zinazunguka, zinamkwepa. Miezi yote ile zilikuwepo, sikuwahi kuzisikia. Nilitamani kumweleza sista siku ileile, lakini parokiani hakuna aliyekuwa na namba yake. Basi tukabaki wawili. Bibi akawa anauagiza wimbo ule mwenyewe, "Niwekee yule anayeita," na punje zikidondoka kwenye beseni huku fidla ikipanda.

Sasa naishi Dodoma. Majina ya nyimbo zile nayajua, na waliozitunga. Nazisikiliza kwa spika za masikioni, safi kabisa, hata pumzi ya mpiga fidla naisikia. Lakini sauti ya punje haimo, na kwangu wimbo ule haujawahi kukamilika bila punje. Ukiisha, chumba kinabaki kimya, na sina wa kumuuliza yeye ameusikiaje.