Siku Nilipoumba Galaksi Kanisani Litein

Wacheni niseme tu ukweli, mpaka leo nikipita karibu na kanisa letu pale Litein ninavuta leso mpaka puani, na hakuna mtu wa kulaumu, nilijitakia.

Jumapili hiyo wazazi wa Kibet, mchumba wangu, walitoka Merigi wakaja kuabudu na sisi, halafu waende kwetu wakule na waniangalie vizuri kabla ya koito (ile siku ya kuposa). Pasta akaniita mbele nisalimie watu nieleze kile ninasomea chuo kikuu. Ningesalimia nikae chini. Lakini mama mkwe alikuwa kiti cha mbele na kofia yake kubwa, nikaona hapa ndipo pa kujionyesha, nikaunganisha laptopu na projekta ya kwaya nikasema kwa maringo, "Mimi huumba galaksi."

Watu wakageukiana kwa viti, hata watoto.

"Unaumba?" Pasta akauliza polepole.

"Si za ukweli, Pasta, ni za uongo!" (Nilifikiri nimejiokoa.) "Galaksi ni nyota nyingi sana zikiwa pamoja. Tunatengeneza nyingi kwa kompyuta ndio tutabiri darubini itaona nini kabla haijaangalia; darubini hiyo inaona ule mwanga wa joto, ule macho ya mtu hayaoni."

"Uuui!" nyanya mmoja akasema huko nyuma. "Kumbe ni mganga!"

Badala ya kufunga mdomo, nikajiambia wakiona wataelewa, nikatangaza, "Ngojeni niumbe moja," nikabonyeza, na hapo hapo stima ikapotea, projekta ikazima, kinanda kikakata, watoto wakapiga nduru, na kabla sijageuka wazee wa kanisa walikuwa wameniwekea mikono kichwani.

"Ni stima! Ni stima tu!" nikalia.

"Wewe Stima," mzee mmoja asiyesikia vizuri akakemea, "mtoke huyu mtoto!"

Nyumbani kwetu tukaketi kula. Mama mkwe akageuza ugali kwa vidole, akaniangalia. "Chepkoech, hii umepika, ama pia umeumba?"

Kibet akapaliwa na mursik, yale maziwa yetu ya mgando, ikamtokea puani, mama yake akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka kwa mboga, na hivyo ndivyo nilipata bwana.

Lakini niliapa: galaksi zibaki chuoni. Kwa wakwe mimi ni fundi wa simu, na kila Krismasi wananiletea zote zilizoharibika, na ninatengeneza bila kufungua mdomo.