Vibiskuti vya Pilipili vya Mama wa Mizani

Nilipoanza kazi kwenye ghala moja la Digbeth, mtaa wa viwanda huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na miaka miwili tangu nitoke Unguja kumfuata mume wangu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Tulikuwa wanawake sita kwenye meza moja ndefu, tukipanga bawaba na skrubu ndani ya maboksi madogo. Mwisho wa meza alikaa mwanamke wa Kiingereza, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, aliyepima kila boksi kabla halijafungwa. Moyoni nilimwita Mama wa Mizani. Yeye aliniita "bab", kama watu wa mji ule wanavyoitana kwa upole, nami kwa muda mrefu nilidhani ni "baby", kwamba ananiona mtoto mchanga.

Wiki ya pili, mwanamume mmoja wa kupakia magari alinipa kipande cha mkate. Nilimuuliza mara mbili kilikuwa na nini ndani. Akasema jibini tu. Nilipouma nikaona kitu cha rangi ya waridi chini ya jibini, na kabla sijatambua kuwa ni nyama ya nguruwe wenzake walikuwa wameshaangua kicheko. Nilikimbilia kwenye sinki nikasukutua mpaka fizi zikaniuma. Tangu siku ile sikula kitu cha mtu pale ghalani, hata peremende iliyofungwa. Chai yangu nilitoka nayo nyumbani kwenye chupa, na chupa niliiweka katikati ya miguu yangu.

Basi ilipofika asubuhi ile Mama wa Mizani aliponisogezea kopo la bati lenye maandishi kama michoro, nilijua la kufanya.

"Vimetoka Japani, bab," alisema. "Mwanangu ni baharia, ndiye anayeniletea. Vikali hivi! Nyinyi watu wa huko kwenu mnapenda makali."

Ndani kulikuwa na vibiskuti vidogo vya mchele, vyekundu, vilivyopinda kama kucha zilizokatwa. Vingine vilivishwa kitu cheusi chembamba kama karatasi. Nilivinusa. Vilinuka samaki, na nyuma ya samaki kulikuwa na sukari.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Majani ya baharini."

Nilitaka kucheka. Mwani! Kwetu mwani unaukanyaga pwani, unaunasua kwenye vidole vya miguu, unakwenda zako. Nani anakula mwani? Nilichota kidogo kwa adabu, nikatia kwenye mfuko wa koti, na jioni nikamwaga vyote kwenye pipa la taka karibu na kituo cha basi.

Kosa langu lilikuwa kusema kesho yake kwamba vilikuwa vitamu. Uso wake ulichangamka mno, na ndipo shaka yangu ilipoanza hasa. Kuanzia hapo kila Jumatatu aliniletea bahasha iliyojaa. Hakumpa mwingine yeyote mezani. Na jambo nililoliona wiki ya tatu, likaninyima raha: yeye mwenyewe hali. Hata kimoja.

Nilimweleza mume wangu, aliyekuwa akiosha mabasi kwenye karakana ya mtaa wa Small Heath.

"Mtu anakupa chakula ambacho yeye hakigusi," alisema. "Wewe unaonaje?"

"Naona ni yaleyale ya mkate."

"Basi mwambie ale yeye kwanza. Mbele yako."

Nilijikaza wiki nzima. Jumatatu bahasha ilipokuja, niliirudisha mbele yake, karibu na mizani, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Kula wewe kwanza."

Mama wa Mizani alinitazama, akachukua kimoja, akakitia mdomoni na kukitafuna taratibu. Shingo ikamwiva, kisha masikio. Machozi yakamtoka, akakohoa mpaka jirani yake akampiga mgongoni. Alikunywa maji glasi mbili. Hakuna aliyecheka.

"Siviwezi," aliniambia baadaye, tulipobaki wawili kwenye meza wakati wa chai. "Havipiti kabisa. Lakini mara ya kwanza mwanangu alipoleta nilimwambia nimevipenda. Alikuwa na furaha sana, bab, ningesemaje? Sasa kila akifika kule ananunua makopo manne. Kuvitupa nashindwa. Nilidhani nimepata mtu wa kuvila, nami nikimwandikia kwamba vimeliwa nisiwe mwongo."

Niliona haya. Nilifikiria lile pipa la kituo cha basi, sikulitaja. Hata hivyo sikula.

"Siwezi kula nisichokijua," nilisema. "Mwandikie mwanao, aulize vinatiwa nini. Kama kuna nguruwe, au mafuta yake."

Aliandika palepale, nyuma ya karatasi ya mizigo. Jibu lilichukua zaidi ya miezi miwili. Baharia alikuwa amekwenda dukani kwa mwenye kuvitengeneza, akaorodhesha kila kitu: mchele, mchuzi wa soya, sukari, pilipili, mwani, mafuta ya mimea. Mama wa Mizani alinisomea mara mbili. Bado nilijiuliza, baharia na mwenye duka walielewana kwa lugha gani? Lakini yule mama alikuwa amesimama mbele yangu na barua mkononi, akingoja, nami nikasema bismillahi nikala kimoja.

Kwanza kilikuwa chumvi. Kisha tamu, utamu ambao haukuwa na kazi pale. Nikasema moyoni, hii ndiyo pilipili yao? Ndipo ukali ukaja, ukapanda puani badala ya kukaa ulimini. Sikukipenda. Pilipili kwangu ilikuwa na ndimu, na mhogo, na mtu wa kukaa naye. Hii ilikuja peke yake, kavu. Nilisema "si vibaya" nikarudi kwenye bawaba zangu, na baada ya muda nikaukuta mkono wangu umo ndani ya bahasha tena.

Mume wangu alijaribu kimoja, akakitemea kwenye leso.

"Samaki aliyepakwa sukari," alisema. "Na wewe unakula hivi kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Alinikagua kama mtu anayetafuta dalili ya homa.

Nilikula makopo mawili miezi ile. Vyenye mwani nilivibagua mwanzoni, halafu nikaacha kuvibagua.

Kisha baharia akaja likizo. Aliingia ghalani mchana, mrefu, ameungua jua, na kopo kwapani. Alimbusu mama yake, akalifungua kopo palepale, akamnyoshea. "Haya, mama. Vipya kabisa."

Mama wa Mizani alishika ukingo wa meza. Nilinyosha mkono nikalichukua kopo kabla yeye hajaligusa.

"Usimpe," nilisema. "Leo ameshamaliza fungu lake, na langu akanilia. Kila siku tunagombana."

Baharia alinitazama, akamtazama mama yake, akanitazama tena. Nilikuwa najua vizuri mtazamo ule, maana ndio niliokuwa nao mimi miezi yote ile.

"Wewe ndiye uliyeuliza habari za nguruwe?"

"Ndiye mimi."

"Na mama anakula hivi?"

"Anakula," nilisema, nikatia vitatu mdomoni kwa pamoja ili nisiulizwe la tatu.

Alisimama kidogo, akitikisa kichwa, kisha akaaga. Sijui kama aliniamini. Mama wa Mizani alivuta boksi jingine, akaliweka kwenye mizani na kuisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Makopo yaliendelea kuja mpaka yule mama alipostaafu, na tangu mara iliyofuata yalikuwa matano badala ya manne.