Choo cha Soko na Mkwe Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mkicheka chekeni mbali na mimi, maana aibu hii ni yangu na hapa Tarime kila mtu ameshaisimulia isipokuwa mimi mwenyewe. Wengine wameongeza kwamba nilitolewa dirishani. Sikutolewa dirishani. Nilitoka mlangoni kwa miguu yangu, na watu wote wakiniona, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mnajua kata yetu ya Nyamisangura inavyokua, jana shamba la mihogo leo nyumba za kupanga, basi tukaambiwa sokoni kwetu kunajengwa choo cha umma cha kisasa, na mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano tuseme tunavyotaka. Kijana aliyechora ramani akasema wanawake waingilie mbele na wanaume nyuma. Mimi nikasimama. (Sikuulizwa, lakini nikasimama.) Nikasema mlango wa pili ni wa nini, kwani huko kwenu kila mtu ana mlango wake? Wekeni mlango mmoja na sinki moja ya kunawia, kinachobaki mtuongezee mabomba ya maji. Watu wakapiga makofi, nikakaa chini nimevimba kama andazi kwenye mafuta.

Choo kikajengwa hivyo hivyo nilivyosema.

Sasa siku ya gulio, nimeshanunua dagaa, tumbo likanivuruga, nikamwachia kikapu Mama Zulfa anayeuza vitenge pale karibu, nikaingia. Niko ndani nimejifungia, nasikia vyuma vinashushwa pale kwenye sinki, na sauti inasema lete spana. Nikaganda. Ilikuwa sauti ya Marwa, fundi bomba, anayemwoa binti yangu wa mwisho, Bhoke. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na wazee wake walikuwa waje Jumamosi kumaliza maneno.

Kama wewe si Mkurya nikueleze. Mama mkwe na mkwe hawazoeani. Akija njia hii mimi nakatiza kwenye mahindi, hatupeani mkono, hatuli pamoja, hata uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Sasa nitoke chooni nikijifunga khanga, nipite mbele yake, ninawe kwenye sinki aliyoishika yeye? Wazee wake wangesema nyumba ile haina adabu, na Bhoke angebaki nyumbani tukitazamana mimi na yeye. Nikaamua nisubiri amalize. (Bomba moja, nikajiambia, litamchukua muda gani.)

Mafundi wa siku hizi, wakikaza huku kunavuja kule. Watu wakaanza kugonga mlango wangu, nami nikanyamaza, kwa sababu sauti yangu anaijua, ameshaisikia ikitoka jikoni nikifoka. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo walivyogonga. Mmoja akasema humo kuna mtu amezimia. Mwingine akasema amezimia wapi, huyo ameshakufa. Mama Zulfa akalia kwamba kuna mzee wake aliingia humo na kikapu bado anacho yeye, basi wakaanza kuniombea, wa msikitini dua yao na wa kanisani wimbo wao, na mimi nimekaa nasikiliza mazishi yangu, sauti ya tatu ya wimbo ikiwa haijakaa vizuri.

Ndipo Marwa, ana moyo mzuri yule kijana, akasema, "Nipeni ndoo nipande nichungulie kwa juu. Mzee wa watu hatuwezi kumwacha humo."

Hapo nikaona heri anisikie kuliko anione.

"Marwa," nikasema, "ukipanda hiyo ndoo, Bhoke humpati."

Wimbo ukakatika. Nikasikia spana imeanguka. Mama Zulfa anasema Marwa alijifunika uso kwa mikono akakimbia kupita katikati ya nyanya za watu, lakini kabla ya hapo alijikwaa kwenye bomba ambalo hakuwa amelikaza, likachomoka, maji yakaruka mpaka kwenye bati, na nje dagaa waliokauka wakaogelea tena. Nikatoka nimelowa kichwa mpaka miguu. Waliokuwa wananizika wakanitazama.

"Shikamoo bibi," mmoja akasema. "Kumbe uko mzima."

"Marahaba. Kwani nani kafa?"

Marwa akakataa kurudi kumaliza kazi, akihofia kunikuta. Soko likakaa bila maji. Mwenyekiti akaja kwangu kofia mkononi, akaniomba nimtajie siku nisizokwenda sokoni ili fundi apate nafasi. Mimi, niliyesimama mkutanoni kudai maji, ndiye niliyekuwa nimeyafunga.

Jumamosi wazee wakaja. Nilikaa jikoni, ugali nikausonga mpaka ukawa jiwe, masikio yote yako sebuleni. Nikamsikia mkubwa wao akimwambia shemeji yangu aliyewapokea, "Kijana wetu, mura huyu, amekimbia kwa adabu. Lakini mama aliyekubali kuombewa akiwa hai ili asimwaibishe mkwe, huyo tumtafute wapi tena? Binti yenu tunamchukua." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, kidogo, nikiwa nimeshika mwiko.

Sasa mlango wa pili umetobolewa kule nyuma, na wameuita Mlango wa Mama Mkwe. Jumamosi ile jioni, wageni walipoondoka, nikawaita wote wa nyumba yangu nikawaamuru: kuanzia leo, kabla sijavaa viatu vya kwenda sokoni, Bhoke ampigie Marwa simu amuulize anafunga bomba wapi, na jibu nisiletewe pamoja na kicheko.